Makabidhiano ya Mgonjwa Baada ya Upasuaji: Historia ya Neno na ya Dhamana

1. Utangulizi

Mwaka 2012 Wilaya ya Iramba katika Mkoa wa Singida ilimegwa, ikazaliwa Wilaya ya Mkalama, na Nduguti pakawa makao makuu ya wilaya hiyo mpya. Watumishi wa serikali miongoni mwa wasomaji wetu wanajua vyema kazi inayofuata wilaya inapogawanywa. Majalada huhesabiwa, viti na magari huorodheshwa, madeni hutajwa, na funguo huwekwa mezani. Anayetoa hutia sahihi yake, na anayepokea hutia ya kwake. Mpaka sahihi ya pili itiwe, dhamana hubaki kwa yule wa kwanza. Kazi hii ina jina ambalo kila karani analifahamu, nalo ni makabidhiano.

Sasa tuiache ofisi, tuende hospitalini. Mama mmoja kutoka kijiji cha Mkalama amepasuliwa ili mtoto wake atolewe. Upasuaji umekwisha, na mama analazwa juu ya machela na kusukumwa kutoka chumba cha upasuaji hadi wodini. Katika korido ile fupi, dhamana ya uhai wake hutoka mikononi mwa watu watatu au wanne waliokuwa wakimwangalia yeye peke yake, ikaingia mikononi mwa muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengine wengi. Hapana shaka kwamba haya nayo ni makabidhiano, tena ya kitu kisichonunuliwa dukani. Lakini tukiuliza jina la kazi hii tutapewa majina mengi: kuhamisha mgonjwa, kumpeleka wodini, kutoa ripoti, kupokezana zamu, na hilo la Kiingereza linalotamkwa kila mtu kwa namna yake.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini ofisi ilipata jina la kazi yake mapema na wodi ikakosa, jinsi upungufu huo unavyomgusa mgonjwa, na istilahi ipi inafaa kutumika. Hatudai kwamba neno hutibu. Tunachodai ni kwamba kazi isiyo na jina moja ni vigumu kuifundisha, ni vigumu kuikagua, na ni rahisi kuifanya nusu.

2. Tangu lini mgonjwa alihitaji msemaji?

Yafaa ikumbukwe kwamba tatizo la kukabidhi mgonjwa baada ya upasuaji halikuwako tangu zama zote. Kabla ya kugunduliwa dawa za usingizi, mpasuaji alifanya kazi kwa dakika chache huku mgonjwa akishikwa na wanaume wenye nguvu. Aliyesalimika baada ya mateso yale alikuwa macho, na aliweza kusema mwenyewe panapomuuma, kwamba ana kiu, au kwamba bandeji imelowa damu.

Tarehe 16 Oktoba 1846, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, naye akapasuliwa bila kuhisi maumivu kama ilivyokuwa desturi. Mwaka uliofuata klorofomu nayo ikaanza kutumika huko Uskoti. Ulimwengu ulifurahi, na ulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mambo mawili yalizaliwa pamoja na furaha hiyo. Kwanza, upasuaji sasa uliweza kuchukua muda mrefu na kuingia ndani zaidi ya mwili. Pili, likazuka pengo la wakati ambalo halikuwako zamani: mgonjwa amekwisha kupasuliwa, lakini hajazinduka. Katika pengo hilo hana kinywa. Hawezi kusema kwamba anapungukiwa na pumzi, wala kwamba sindano anayotaka kuchomwa amekwisha kuchomwa. Kila anachopaswa kusema lazima mtu mwingine amsemee.

Kiswahili kilitambua hali hii mapema, na kwa neno lisilo na haya. Dawa ya kumlaza mgonjwa kabisa iliitwa nusukaputi. Sehemu ya kwanza ya neno ni nusu, na sehemu ya pili wengi huiona kuwa imetoka katika Kijerumani, kwa maana ya kitu kilichoharibika au kufa. Kwa hiyo mtu wa nusukaputi ni mtu aliye nusu ya kufa. Wajerumani walitawala Tanganyika hadi Vita ya Kwanza ya Dunia, na boma lao lilikuwako Mkalama yenyewe, mahali palipoipa wilaya ya leo jina lake. Neno hilo halikutungwa na kamati, bali na watu walioona ndugu zao wakitolewa chumbani wakiwa hawasemi. Kwao jambo kubwa lilikuwa hali ya mtu aliyeinywa au kuivuta dawa hiyo, na ndivyo walivyoipa jina.

Huko Ulaya hospitali nazo zililazimika kujenga mahali pa hali hii mpya. Hospitali ya Newcastle nchini Uingereza ilikuwa na vyumba karibu na chumba cha upasuaji tangu mwaka 1801. Mwaka 1863 Florence Nightingale, yule muuguzi aliyejulikana kwa kazi yake katika Vita vya Krimea, aliandika kwamba baadhi ya hospitali ndogo za mashambani zilikuwa na chumba kidogo kilichopakana na chumba cha upasuaji, ambamo mgonjwa alibaki mpaka apate nafuu ya awali. Hata hivyo vyumba hivi havikuenea sana mpaka wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeruhi walipokuwa wengi na wauguzi wachache, ikaonekana ni afadhali kuwakusanya waliopasuliwa mahali pamoja chini ya jicho moja.

Chumba hicho kiliokoa wengi. Lakini msomaji ataona kwamba kiliongeza pia idadi ya milango. Zamani mgonjwa alitoka chumba cha upasuaji akaenda wodini, basi. Sasa alitoka chumba cha upasuaji akaenda chumba cha kuzindukia, akatoka huko akaenda wodini, au katika wodi ya wagonjwa mahututi kisha wodini. Kila mlango una makabidhiano yake, na kila makabidhiano ni nafasi ya habari kudondoka.

3. Hospitali za Iramba na lugha zake

Wenyeji wa sehemu za Nduguti walipata upasuaji wa kisasa kwanza katika hospitali za misheni. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walianzisha hospitali Kiomboi na Iambi, na mwaka 1955 Wanorwei wa misheni ya Kilutheri walifungua hospitali ya Haydom katika nchi ya Wambulu, upande wa kaskazini. Baadaye zikaja hospitali kubwa za rufaa: KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza, zote mbili mwaka 1971. Katika hospitali za wilaya kisu kilishikwa kwa miaka mingi na Madaktari Wasaidizi, ambao mafunzo yao yalianza mwaka 1963. Bila wao akina mama wengi wa mashambani wasingalipasuliwa kabisa.

Jambo ambalo mwanalugha hawezi kulipita ni idadi ya lugha zinazokutana katika wodi za sehemu hizo. Wanyiramba na Wanyisanzu husema lugha za Kibantu. Wadatoga husema lugha ya Kiniloti. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wahadzabe wana lugha yao yenye vidoko, ambayo wataalamu hawajaweza kuifungamanisha na familia yoyote nyingine. Ni mahali pachache Afrika ambapo mgonjwa wa kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne wanaweza kuwa wa asili za lugha zilizo mbalimbali kiasi hicho. Muuguzi naye aghalabu ametoka mkoa mwingine. Kiswahili ndicho daraja lao wote.

Kwa hiyo habari za mgonjwa mmoja hupita katika lugha tatu kwa usiku mmoja. Huandikwa katika faili kwa Kiingereza. Husemwa kati ya muuguzi na muuguzi kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza. Hupelekwa kwa ndugu wa mgonjwa kwa Kiswahili, na ndugu huyo humweleza mgonjwa kwa Kinyiramba au Kidatoga. Wafasiri watatuelewa tukisema kwamba kila makabidhiano ni tafsiri pia, na tena tafsiri inayofanywa kwa haraka, usiku, na mtu aliyechoka, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anafasiri.

4. Ofisi ilipata Kiswahili, wodi haikupata

Kwa nini basi ofisi ya Nduguti ina neno makabidhiano na taratibu zake, na korido ya hospitali haina? Jibu limo katika historia ya lugha yetu ya taifa.

Mwezi Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali. Mwaka huohuo Bunge lilitunga sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili nayo ilifanya kazi yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1974 Baraza lilitoa orodha za Tafsiri Sanifu, na vyeo, fomu na nyaraka za ofisi zikapata majina ya Kiswahili. Karani aliyekuwa akiandika kwa Kiingereza alipewa maneno, akayatumia, na maneno yakazoeleka.

Katika afya mambo yalikwenda kwa njia mbili. Elimu ya kinga ilipata Kiswahili chake, tena kizuri. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipita katika redio na vikundi vya kusoma, ikawafikia watu wapatao milioni mbili, nao wakajadili choo, maji, mbu na lishe kwa lugha wanayoielewa. Hakuna aliyesema kwamba mambo hayo hayasemeki kwa Kiswahili. Lakini Chuo cha Tiba cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1963, kilifundisha kwa Kiingereza, na faili la mgonjwa likafuata lugha ya chuo. Hivyo tulipata Kiswahili cha kumwambia mwananchi achemshe maji, na hatukupata Kiswahili cha muuguzi kumwambia muuguzi mwenzake kwamba mgonjwa huyu amepoteza damu nyingi.

Juhudi hazikukosekana. Mwaka 2003 Taasisi ilitoa Kamusi ya Tiba, kazi iliyokusanya majina ya magonjwa, viungo na vifaa. Lakini kamusi ya aina hiyo hutaja vitu kuliko kazi. Itakupa jina la mfupa, lakini haitakuambia jinsi ya kumpa mwenzako dhamana ya mwenye mfupa. Mwaka 2018 nchi ilipata mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na utoaji wa dawa za usingizi, wa hadi mwaka 2025, nao uliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Mshtakiwa amepata haki ya kuelewa yanayosemwa juu yake. Mgonjwa bado anasubiri.

5. Maneno yanayoteleza

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba wauguzi huelewana hata hivyo, na kwamba lugha ya mazungumzo inatosha. Ni kweli kwamba huelewana mara nyingi. Lakini hebu tuyatazame maneno yanayotumika korido, kwa jicho la kazi yetu.

Neno la kwanza ni amelala. Mtu aliyelala aweza kuwa amepata usingizi wa kawaida, au amejinyoosha kitandani huku yu macho, au bado yuko chini ya dawa na hajazinduka. Hali hizi tatu zinahitaji uangalizi wa namna tatu. Mgonjwa wa hali ya tatu akiachwa chali peke yake, ulimi wake waweza kuziba njia ya hewa. Muuguzi anayeambiwa kwamba mgonjwa amelala, akaitikia na kuondoka, hakukosa adabu wala elimu. Amepewa neno moja lenye maana tatu.

Neno la pili ni dawa. Husemwa kwamba mgonjwa amepata dawa. Ni dawa ya usingizi, ya maumivu, ya kuzuia vijidudu, au ya kuzuia damu kuvuja? Vivyo hivyo hutajwa maji, na aliyepokea hajui kama ni dripu iliyotundikwa au ruhusa ya kunywa. Husemwa kwamba damu ipo. Maneno haya mawili yaweza kumaanisha kwamba chupa za damu zimo akibani tayari, na yaweza kumaanisha kwamba mgonjwa anavuja. Habari ya kwanza inatuliza na ya pili inaita mbio.

Neno la tatu si neno bali ni kiambishi. Kiambishi a- cha nafsi ya tatu hakitofautishi mwanamume na mwanamke, mkubwa na mdogo. Katika mazungumzo ya kila siku hilo ni jambo la kujivunia. Lakini baada ya mama kupasuliwa ili mtoto atolewe, kuna wagonjwa wawili. Muuguzi akisema kwamba alikuwa hapumui vizuri lakini sasa anaendelea vyema, amemtaja nani?

La nne ndilo linalotisha zaidi, nalo ni saa. Saa ya Waswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Saa ya faili huanza usiku wa manane. Kati ya hizo mbili pana tofauti ya saa sita, na saa sita ni muda uleule unaopita kati ya sindano moja na nyingine kwa dawa nyingi.

Tuliwahi kulishuhudia jambo hili katika hospitali moja ambayo si lazima kuitaja, tulipokwenda kukusanya maneno ya wodini. Mama aliyetoka vijiji vya upande wa Nduguti alikuwa amepasuliwa mchana. Muuguzi wa chumba cha upasuaji alikuwa ameandika katika faili kwamba sindano ya maumivu ilitolewa 2.00, bila kuongeza kwamba ni mchana. Zamu zilipobadilishana usiku, saa mbili na dakika chache, muuguzi anayeondoka alisoma tarakimu hiyo kwa sauti, akasema ya maumivu amekwisha kupata saa mbili. Anayeingia alitazama saa ya ukutani, akaona ni saa mbili kweli, akaridhika kwamba sindano imetoka sasa hivi. Kumbe ilikuwa imetoka saa nane mchana, na saa ile ndiyo iliyokuwa zamu ya sindano ya pili.

Mama alianza kugumia. Aliyeitambua hitilafu hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mama yake mzazi, bibi wa mtoto, aliyekuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda. Akasema, "Samahani, sista. Mwanangu hajachomwa sindano tangu jua lilipokuwa utosini. Mimi sijaondoka hapa." Muuguzi angeweza kumwambia atoke nje, kwa kuwa saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa imepita. Hakufanya hivyo. Alilifungua faili upya, akalisoma, akasema, "Asante, bibi, umenisaidia," akaenda kuleta sindano.

Tumeikumbuka habari hii mara nyingi. Wauguzi wale wawili hawakuwa wazembe, na kila mmoja alisema kweli kwa hesabu yake. Lakini kama bibi yule angekuwa amekwenda kuota moto jikoni, mwanawe angelia mpaka usiku wa manane, na faili lingeonyesha kwamba kila kitu kilikwenda sawa.

6. Waliyojifunza wengine

Tatizo la kukabidhi mgonjwa si la nchi maskini peke yake, wala si la Kiswahili peke yake. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza njia tisa za kulinda usalama wa wagonjwa, na mojawapo ilikuwa ni kuboresha mawasiliano wakati wa kukabidhiana wagonjwa.

Mwaka huohuo madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street mjini London walichapisha matokeo ya jaribio lao. Watoto waliopasuliwa moyo walikuwa wakihamishwa kutoka chumba cha upasuaji hadi wodi ya mahututi kwa vurugu: huyu anafunga mpira, yule anazungumza, wa tatu anauliza jambo lililokwisha kusemwa. Madaktari hao walikwenda kujifunza kwa mafundi wa magari ya mashindano, ambao hubadilisha magurudumu manne kwa sekunde chache, kila mmoja akijua nafasi yake. Wakatunga utaratibu: kwanza vifaa vifungwe, kisha habari zitolewe na mtu mmoja huku wengine wakinyamaza, mwisho wajadiliane. Makosa ya kiufundi yalishuka kutoka wastani wa 5.42 kwa kila makabidhiano hadi 3.15, na habari zilizosahauliwa kutoka 2.09 hadi 1.07. Muda uliotumika haukuongezeka. Ulipungua kutoka dakika 10.8 hadi 9.4. Wanaosema kwamba utaratibu unapoteza wakati wanapaswa kuutafakari mfano huo.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye vipengele 19, vilivyogawanywa katika hatua tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Katika hatua hiyo ya tatu, mpasuaji, mtoa dawa ya usingizi na muuguzi hutakiwa kusema kwa sauti mambo makuu ya kuangaliwa wakati mgonjwa anapozinduka na baadaye. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, katika miji kama London, Toronto, New Delhi na Manila. Mji mmoja kati ya hiyo minane ulikuwa ni Ifakara, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, hapa Tanzania. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane zikijumlishwa, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11.0 hadi 7.0.

Ifakara inatufundisha kwamba jambo hili linawezekana nchini petu. Inatufundisha pia kwamba kiini cha orodha si karatasi. Kiini chake ni kusema kwa sauti, mbele ya mwingine, neno ambalo wote wawili wanalielewa kwa namna moja. Hapo ndipo kazi ya daktari inapokutana na kazi yetu.

7. Istilahi ipi ifae?

Tuanze kwa kuyapima majina yaliyopo. Kuhamisha mgonjwa hutaja mwendo wa mwili tu. Kabati nalo huhamishwa. Kupeleka wodini hutaja mahali. Kutoa ripoti humtaja msemaji na kumsahau msikilizaji, kwani ripoti yaweza kutolewa na isisikilizwe. Kupokezana zamu kuna uzuri wake, maana kunataja watu wawili, lakini kinachopokezanwa ni zamu, yaani kazi ya wauguzi, wala si mgonjwa. Mgonjwa atokaye chumba cha upasuaji saa tano asubuhi hukabidhiwa katikati ya zamu.

Lipo pia neno mapokezi, nalo limeandikwa juu ya mlango wa kuingilia wa hospitali nyingi. Ni neno zuri. Lakini limebaki mlangoni. Mgonjwa hupokewa mara moja anapoingia, kisha ndani ya jengo ni kana kwamba hana haja ya kupokewa tena. Na lipo neno rufaa, lililotoka mahakamani likaingia hospitalini kwa maana ya kumpandisha mgonjwa kwenye ngazi ya juu. Mgonjwa wa rufaa huandamana na barua. Anayepelekwa kutoka Mkalama hadi Moshi huandikiwa barua kwa sababu safari ni ndefu. Anayevuka korido haandikiwi kwa sababu safari ni fupi. Lakini hatari haipimwi kwa kilomita.

Tunaliona neno makabidhiano kuwa ndilo linalofaa, kwa sababu tatu. Kwanza, watumishi wote wa umma wanalijua, na muuguzi naye ni mtumishi wa umma. Pili, umbo lake lina kauli ya kutendana: hakuna makabidhiano ya mtu mmoja. Tatu, asili yake inatusaidia. Kitenzi cha Kiarabu kilichotuzalia kabidhi maana yake ni kushika kwa kiganja, kufumbata. Maana hiyo haijapotea katika Kiswahili. Mtu bahili huitwa kabidhi, kwa kuwa akishika haachi. Na Kabidhi Wasii Mkuu ni mtumishi wa serikali anayeshika mali za marehemu kwa dhamana, na si mtu wa kuzigawa atakavyo. Kwa hiyo ndani ya neno hilihili umo mkono unaotoa na umo mkono unaofumba. Kukabidhi kumekamilika pale tu kiganja cha pili kilipofumba.

Kutokana na hayo tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe.

Makabidhiano ya mgonjwa: kitendo cha kutoa na kupokea dhamana ya mgonjwa pamoja na habari zake, kati ya idara na idara au zamu na zamu.

Mkabidhi: anayetoa dhamana. Kwa upande wa pili wengine watapendelea mkabidhiwa. Sisi tunapendelea mpokeaji, kwa kuwa mkabidhiwa hutendewa, ilhali tunamtaka mtu huyu atende: asikilize, aulize, arudie kwa sauti aliyoyasikia.

Hati ya makabidhiano: karatasi yenye jina la mgonjwa, upasuaji uliofanywa, dawa zilizotolewa na saa zake, kiasi cha damu kilichopotea, mipira na dripu zilizowekwa, jambo la kuhofiwa, na mtu wa kuitwa likitokea, pamoja na sahihi mbili.

Chumba cha kuzindukia: mahali mgonjwa anapoangaliwa mpaka dawa ya usingizi imwishe. Tumechagua kitenzi zinduka kwa sababu, tofauti na amka, hakichanganyiki na usingizi wa kawaida. Kwa sababu hiyohiyo tunashauri kwamba mgonjwa aliye chini ya dawa asielezwe kuwa amelala, bali kuwa hajazinduka.

Kuhusu saa, tunashauri kwamba inayosemwa kwa Kiswahili itajwe daima pamoja na wakati wake, yaani saa nane mchana, saa mbili usiku, na kwamba inayoandikwa iwe ya hesabu ya 24, mathalan 14.00. Anayesoma 14.00 hawezi kusema saa mbili kwa bahati mbaya. Vilevile tarehe iandikwe, kwa kuwa kwa desturi yetu usiku wa Jumatatu waweza kuwa ule wa kuamkia Jumatatu, na faili halijui hivyo.

Mwisho, pale penye mama na mtoto, kila mmoja atajwe kwa jina lake la hali, mama au mtoto, katika kila sentensi, hata kama masikioni itaonekana ni kurudiarudia. Mwalimu wa insha atachukia marudio hayo, lakini wodini yanafaa.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba dawa ya usingizi ilimwondolea mgonjwa maumivu na kwa saa chache ikamwondolea kinywa pia, na kwamba tangu hapo watu wengine wamekuwa wakimsemea. Tumeona kwamba agizo la mwaka 1967 liliipa ofisi maneno ya kukabidhiana majalada, lakini wodi ikaachwa na Kiingereza cha faili na Kiswahili cha haraka. Tumeona pia kwamba utaratibu uliojaribiwa Ifakara na kwingineko umepunguza vifo bila kuhitaji mashine ya gharama.

Hatutaki istilahi hizi zipokewe kwa sababu tu zimetoka katika kurasa hizi. Istilahi isiyotamkwa na mwenye kazi hufia katika orodha. Tunawaomba walimu wa vyuo vya uuguzi wazijaribu darasani, wafasiri wazipime dhidi ya nyaraka walizo nazo, na watumishi wa afya wa wilayani watuandikie maneno ambayo wao wenyewe huyatumia usiku korido. Pengine huko Nduguti, au katika zahanati yoyote ya jirani, liko neno bora kuliko letu ambalo halijafika mezani petu. Likifika tutalikabidhi kwa wasomaji, na wao watatuambia kama wamelipokea.